Mkasi wa Mgeni Rasmi

Umewahi, msomaji wangu, kusimama mbele ya watu sitini ukiwa na karatasi yenye sahihi yako mkononi, ukaisoma, ukakuta maneno yaliyomo si yako?

Basi hapo ndipo tulipomwacha Mauwa binti Bakari wiki iliyopita. Kasimama katikati ya ukumbi wa baraza la madiwani wa Manispaa ya Bondeni, joho la kijani linamburuza kwa sababu lilishonwa kwa mtu mrefu, miwani puani, na kipaza sauti mbele yake kimeshawaka taa nyekundu. Swali namba saba. Swali alilolilea mwaka mzima kama mtu anavyolea mimba.

Yeye aliandika hivi: *Ni lini chumba cha upasuaji cha Kituo cha Afya Kisima Kirefu kitafunguliwa, na nani mwenye mamlaka ya kukifungua?*

Karatasi inasema hivi: *Je, Manispaa haioni umuhimu wa kuwapongeza viongozi wake kwa kazi nzuri iliyofanyika katika Kituo cha Afya Kisima Kirefu?*

Na chini, kwa wino wa buluu, ipo sahihi yake mwenyewe, ile M yenye mkia mrefu ambayo hakuibadilisha tangu darasa la tatu.

"Mheshimiwa Mauwa," akasema Meya Kornelio, huku akiuweka sawa mkufu wake wa umeya, "muda unakwenda. Soma swali lako."

"Mstahiki Meya, hili si swali langu."

Ukumbi ukacheka. Hata feni ile mbovu ya kona, inayolia kwe-kwe-kwe, ilikuwa kama inacheka.

"Sahihi hiyo ya nani?"

"Yangu."

"Basi na swali ni lako."

Hapo Mauwa akakumbuka. Ijumaa iliyopita, kwenye kikao cha chama, pale kila diwani alipotakiwa apitishe swali lake kabla halijaenda barazani. Miwani alikuwa kaisahau nyumbani, juu ya kabati la vyombo. "Nisomee, mwanangu, nisije nikatia sahihi pasipopasa," akamwambia Mheshimiwa Lulu, mwenyekiti wa Kamati ya Huduma za Jamii, msichana wa watu aliyekuwa akimwita mama. Lulu akamsomea. Akalisoma swali la Mauwa neno kwa neno, akatua vizuri kwenye *mamlaka*, akakohoa, akamwelekeza pa kusaini.

Akamsomea maneno ambayo hayakuwamo.

Mauwa akainua macho kutazama meza kuu. Lulu alikuwa anatazama kucha zake.

Simu ikatetemeka ndani ya mkoba.

*Mama Mauwa, mie Demetria. Mtoto kalala mkingamo, hawezi kushuka. Najat anatakiwa apasuliwe sasa hivi. Gari la wagonjwa bado liko gereji Segerea. Tuko naye mlangoni na Daktari Petro, kashavaa glavu, mlango umefungwa.*

Demetria ni mkunga wa kituo. Tangu Mauwa amfahamu, hajawahi kumsikia akisema "sasa hivi".

Na Najat ni mwanawe. Wa mwisho, na kwa mimba hii ndiyo anazaa mara ya kwanza. Uchungu ulimwanza alfajiri, Mauwa akiwa anachuja unga wa vitumbua. Akaliacha chujio hapo hapo, akaenda kukaa kando ya kitanda. "Mwanangu, leo ndiyo siku ya swali. Niende au nibaki?" Najat akatabasamu. "Nenda, mama. Kaulize swali lako." Kisha akageukia ukutani.

Mauwa akaenda.

"Mheshimiwa!" Meya akagonga meza. "Unasoma au nipite kwenye swali namba nane?"

Miaka miwili ya viti maalumu ilimfundisha Mauwa kanuni moja: diwani asiyesoma swali la msingi hapewi swali la nyongeza. Akaishika karatasi kwa mikono miwili, akasoma zile pongezi zote mpaka nukta ya mwisho. Sauti ilimtoka nyembamba kama ya mtu anayekariri mbele ya mwalimu mwenye fimbo.

Makofi yakapigwa. Wengine walipiga meza.

Lulu akasimama kujibu. "Mstahiki Meya, kwa niaba ya kamati, naomba nimpongeze Mheshimiwa muulizaji kwa kutupongeza." Kicheko tena. "Napenda kulihakikishia baraza lako kwamba kituo hicho, pamoja na chumba chake cha upasuaji, kimekamilika kwa asilimia mia moja."

"Swali la nyongeza!" Mauwa hakungoja aruhusiwe. "Kwa kuwa kimekamilika kwa asilimia mia moja, kwa nini mlango umefungwa?"

Feni ile ikasikika peke yake. Kwe. Kwe. Kwe.

"Hilo ni swali jipya," akasema Meya.

"Limetokana na jibu, Mstahiki. Asilimia mia si mie niliyeitaja."

"Mjibuni bibi!" mtu mmoja akapaza sauti kutoka kwenye viti vya wananchi kule nyuma. Mgambo akamtolea macho.

Meya akajipangusa jasho. "Mganga Mkuu, hebu tusaidie."

Daktari Didas, Mganga Mkuu wa Manispaa, akainuka polepole kama mtu anayevuta muda. "Mstahiki Meya, ni kweli chumba kipo. Ila tuna changamoto ya mtaalamu wa dawa za usingizi."

"Yupo," akasema Mauwa. "Kaletwa tangu mwezi wa tatu. Kila asubuhi hununua vitumbua kwangu, vinne, na hataki vilivyoungua pembeni."

"Nilitaka kusema jenereta."

"Ipo. Kuku wa mlinzi wanataga chini ya turubai lake."

"Labda na kibali cha..."

"Daktari!" sauti ya Mauwa ikapanda. "Wewe ndiye ulikuja na karatasi ya kibali ukaibandika dirishani kwa gundi. Nilikushikia ngazi!"

Watu wa nyuma wakapiga mbinja. Daktari Didas akamgeukia Mkurugenzi, ambaye ndiye katibu wa baraza. Mkurugenzi akamwinamia sikioni kumnong'oneza. Bahati mbaya yao, kipaza sauti cha Mkurugenzi kilikuwa bado kimewashwa, na ukumbi mzima ukasikia:

"Mwambie tu kinamsubiri mgeni rasmi."

Lo!

Naam, msomaji wangu. Mtaalamu yupo. Jenereta ipo na kibali kimebandikwa. Kitanda cha upasuaji kimo ndani na nailoni yake ya dukani, mitungi ya hewa imejaa, na taa kubwa ya juu imefungwa lakini haijawahi kummulika mtu. Nje kumefungwa utepe wa buluu wenye ua katikati, na ukutani kuna jiwe lenye jina la mkubwa, limefunikwa kwa kipazia cha satini ili lisionekane kabla ya siku yake. Siku yenyewe ilipangwa mwezi wa nne, ikasogezwa. Ikapangwa mwezi wa saba, ikasogezwa. Wiki iliyopita imesogezwa tena, maana mkubwa kapata safari.

Kilichokuwa kimebaki ni mkasi tu.

Mauwa aliiweka ile karatasi mezani. Akashika ukingo wa meza.

"Mstahiki Meya," akasema, na sasa sauti ilikuwa ya chini, "msingi wa kile chumba tuliuchimba sie. Tofali tulibeba kichwani, mie na hawa wanaoonekana pale nyuma. Mlango wa mninga kauchonga mkwe wangu Suleiman, miezi mitatu, kautolea sadaka. Kila uchaguzi mnatuambia serikali za mitaa ndiyo serikali yenu wenyewe, jitawaleni. Haya, tumejitawala. Tumejitawala mpaka kizingitini. Ndani mnatwambia tungoje mgeni?"

"Utaratibu, Mheshimiwa."

"Kamati yetu ya kituo ina mamlaka gani?"

"Mna mamlaka ya kushauri."

"Basi nashauri. Fungueni mlango."

"Kwa maandishi," akasema Meya. "Mlete ushauri kwa maandishi, ujadiliwe kikao kijacho."

"Kikao kijacho ni baada ya miezi mitatu."

"Ndiyo kalenda yetu."

"Mstahiki, mwanangu yuko mlangoni pale sasa hivi." Akaiinua simu juu, kana kwamba wote wangeweza kuusoma ule ujumbe kutoka walipo. "Najat. Mtoto kalala mkingamo tumboni. Daktari Petro kashavaa glavu, yuko nje ya mlango, anautazama utepe."

Meya Kornelio akavua miwani yake. Kwa mara ya kwanza siku ile alionekana mtu mzima mwenye watoto.

"Pole sana, Mheshimiwa. Kutoka moyoni. Lakini na mie nielewe. Nikiufungua ule mlango kabla ya mkubwa, kesho umeya sina. Hili liko juu ya uwezo wangu."

"Lipo juu ya uwezo wa nani?"

Meya akamtazama Mkurugenzi. Mkurugenzi akamtazama Mganga Mkuu. Mganga Mkuu akatazama dari. Mauwa naye akatazama dari, akakuta feni.

"Swali namba nane," akasema Meya.

Taa nyekundu ya kipaza sauti ikazimika. Mauwa aliendelea kusema, midomo ilionekana inacheza, lakini hakuna kilichosikika. Mgambo wawili wakamjia, wakamshika viwiko kwa adabu, kama bibi harusi.

"Twende, mama. Shikamoo, mama. Tusaidie tu utoke."

Marahaba hawakupata.

Nje, kwenye korido yenye picha za mameya waliopita, simu ikaita. Jina lililotokea kwenye kioo lilimshtua: Suleiman. Mkwe wake huyu, mume wa Najat, mchongaji kutoka Newala, tangu aoe ana miaka minne na hajawahi kumpigia simu. Wakikutana uani husalimia akitazama chini, akihitaji chumvi humtuma mkewe. Ndiyo heshima ya mkwe kwa mama mkwe wake, na Mauwa aliipenda.

"Mama, naomba radhi kukupigia."

"Sema, baba."

"Nimeuvunja mlango wangu." Alikuwa anahema. "Nimeupasua kwa tindo. Lakini nyuma yake wameweka geti la chuma, mama. Sie hawakutwambia. Tindo limekatika. Fundi wa kuchomelea nimemfuata, umeme umekatika mtaa mzima. Mlinzi anasema ufunguo wa geti uko huko mlipo nyie. Kwa Meya."

"Kwa Meya wapi?"

"Hajui. Anasema uliwekwa pamoja na mkasi."

Mauwa akageuka kurudi ukumbini. Mgambo wakauzuia mlango kwa vifua vyao.

"Mama, usituponze."

"Ufunguo umo humo ndani, wanangu!"

"Tumetumwa, mama."

Akajaribu kupita chini ya mkono wa mmoja, kama mtoto. Akarudishwa. Akakaa kwenye benchi, joho limekunjana magotini, akaanza kulia bila sauti, machozi yanapita pembeni ya miwani. Mwaka mzima wa kuandika swali, na mtu yeyote aliyekaa kwenye benchi lile angeweza kumwambia kwamba majibu yote aliyapata, isipokuwa mlango.

Mara mlango wa meza kuu, ule wa pembeni wanaotumia wakubwa kwenda msalani, ukafunguliwa. Akatoka Mheshimiwa Lulu. Kashika nailoni ya sambusa, zile za wajumbe.

Mauwa akasimama. "Wewe ndiye ulinisomea."

"Mama..."

"Nilikupa jicho langu, Lulu. Ukalisomea uongo."

"Waliniambia ni kulainisha lugha tu, mkubwa asikasirike. Nikaona aibu kukwambia. Nikaona, mama huyu mpole, hatasema kitu." Rangi ya midomo ilikuwa imemtoka Lulu kona moja. "Mama, na mie nimezaa kwa kisu. Mara mbili. Kule mjini, kwenye hospitali ya kulipia."

Akamtumbukizia ile nailoni mkononi. Ilikuwa ya moto bado, na nzito kuliko sambusa.

"Ulikuwa kwenye droo ya meza kuu, upande wangu," akanong'ona. "Meya kainama kuokota kalamu. Nenda, mama. Nenda!"

Mauwa akatia vidole baina ya sambusa. Akaugusa. Ufunguo mrefu wa chuma, umefungiwa kipande cha utepe wa buluu.

Hakuna aliyewahi kumwona Mauwa akikimbia tangu aolewe. Siku ile walimwona. Alishuka ngazi kwa kulikusanya joho kama mtu anayevuka maji, akajirusha kwenye bajaji ya kwanza. Dereva, mzee mwenye kofia ya kiua iliyopauka, akamtazama juu hadi chini.

"Shehe wangu, Kisima Kirefu. Kituo cha afya. Mwanangu anakufa."

"Bismillahi," akasema mzee, akaondoa bila kuuliza bei.

Wakapita sokoni, wakakata vichochoro, wakatokea barabara ya Kilwa. Mauwa alikuwa anapiga simu njia nzima. "Demetria, ufunguo ninao! Niko nao mkononi! Mwambie daktari asivue glavu!"

"Havui, mama. Fanya haraka. Mkono wa mtoto umetangulia."

"Yu hai?"

"Mama, fanya haraka."

Walipofika Mtoni, dereva akafunga breki mpaka nailoni ikamwaga sambusa sakafuni.

Mbele palikuwa pamesimama kila kitu. Malori, magari, pikipiki, mikokoteni, watu wa miguu wameshika mizigo yao kichwani. Trafiki wanne wamevaa glavu nyeupe wameifunga barabara.

"Nini tena?"

"Msafara," akasema dereva, akazima injini. "Mkubwa anapita."

"Mkubwa gani?"

"Nani anajua, dada yangu. Wakipita ndiyo tunawajua kwa vumbi."

Mauwa akashuka. Akaenda mpaka kwa trafiki, ufunguo kauinua juu na utepe wake unapepea.

"Afande, huu ni ufunguo wa hospitali. Hapo mbele tu, kilomita tatu. Niruhusu nivuke. Hata kwa miguu."

"Bibi, rudi nyuma ya mstari."

"Mwanangu anazaa!"

"Bibi, na mie nina amri. Dakika kumi tu. Au ishirini. Rudi nyuma, watakugonga."

Akautazama uso wake. Kijana wa watu, jasho linamtiririka, hana ubaya wowote usoni. Na yeye hana mamlaka.

Mauwa akarudi nyuma ya mstari. Alibaki kasimama na joho la kijani kwenye jua la saa sita, ufunguo unamuunguza kiganja, kati yake na mwanawe barabara pana ya lami, nyeupe, tupu, haina hata mbwa anayepita.

Simu ikaita. Demetria.

"Mama, Najat anataka kukusemesha. Nimemwambia asijichoshe, hasikii. Namwekea sikioni."

Palikuwa na vishindo kwa mbali, chuma kinagongwa kwa kitu kizito. Suleiman hakuwa amekata tamaa. Kisha pumzi. Pumzi ndefu, moja, nyingine.

"Najat? Mama yako hapa. Ufunguo ninao, mwanangu. Swali nimeuliza. Nimewauliza wote."

"Mama."

"Nakuja, mama yangu. Niko Mtoni hapa. Nakaribia. Unataka nini nikuletee? Niambie, unataka nini?"

Ving'ora vikaanza kusikika kutoka upande wa mjini. Watu wote wakageuza shingo kutazama. Mauwa peke yake hakugeuka. Kaziba sikio moja kwa kiganja chenye ufunguo, la pili kalikandamizia simu mpaka likauma, asikose hata herufi.

"Asubuhi nilikudanganya," akasema Najat. "Nilitaka ubaki."